Avansi Uliyotoa Bado Ni Deni Lao

Wako wauzaji mjini Bujumbura ambao mteja akirudi kudai avansi ya mzigo ambao hajakabidhiwa humjibu kwamba pesa imeshaingia kwenye mauzo, haiwezi kutoka tena. Jibu hilo halina msingi, si kwa sheria wala kwa uhasibu.

Oda peke yake, hata ikipigwa mihuri mitatu, si mapato. Avansi ni pesa ya kweli, imeshaingia benki au kwenye simu kwa Lumicash, lakini vitabuni inakaa upande wa madeni. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IFRS 15, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, kinataka kujua kama mteja ameshakabidhiwa alichoahidiwa kabla pesa haijaandikwa kuwa mapato.

Chukua friji ya faranga milioni 2. Mwezi wa tatu umetoa laki 8, na friji imefika kwako Buyenzi mwezi wa tano. Mwezi wa tatu mhasibu anaandika laki 8 kwenye fedha zilizopokelewa na laki 8 kwenye deni kwa mteja. Kwenye mauzo haandiki kitu. Siku unapokabidhiwa friji ndipo milioni 2 nzima inakuwa mauzo, na lile deni linafutwa. Hata risiti iliyoandikwa "avansi hairudishwi" haibadilishi hesabu hiyo, kwa sababu mzigo bado unadaiwa. Mambo hutofautiana kidogo kwa kazi ya muda mrefu, kama nyumba inayojengwa kwenye kiwanja chako Kinama: hapo mapato huandikwa kadiri kazi inavyosonga.

Wakubwa pia wanabanwa na kanuni hii. Tesla ya Marekani ilipopokea dola 1,000 kwa kila aliyeweka nafasi ya Model 3 mwaka 2016, fedha hizo zilikaa kwenye amana za wateja, yaani madeni, mpaka gari litolewe.

Kwetu suala hili linaonekana zaidi kwenye mbolea. Mkulima huagiza Imbura, Totahaza au Bagara za kiwanda cha FOMI, akatoa avansi, kisha salio, halafu akasubiri. Magazeti ya Burundi yameandika mara nyingi kuhusu wakulima waliolipa, msimu ukaanza na mifuko haijafika. Sisemi lolote juu ya vitabu vya kiwanda, sijavifungua. Ila kwa kanuni, mfuko usiokabidhiwa haujauzwa, na aliyeulipia ni mdai. Aende kudai kama mdai, asiende kama muombaji.

Upande wa sheria, mikataba yetu bado inaongozwa na kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, chenye asili katika dikrii ya tarehe 30 Julai 1888. Ibara yake ya 33 inawafunga waliokubaliana kama sheria inavyofunga. Basi soma kontra kabla ya kusaini. Kwa kawaida ya sheria zenye asili ya Ufaransa na Ubelgiji, pesa ikiitwa "acompte" ni sehemu ya bei na wote wawili wamefungwa. Ikiitwa "arrhes", kila mmoja anaweza kujitoa, mnunuzi akiipoteza na muuzaji akirudisha mara mbili. Wauzaji wengi huandika lolote linalowajia, na baadaye mzozo wote unakuwa juu ya hilo.

Kuna hatari moja ambayo sheria haikuondolei. Kampuni ikifilisika, mwenye avansi huwa kwenye foleni ya wadai, na mara nyingi walioshika rehani wako mbele yake. Kwa hiyo usitoe nusu ya bei kwa mtu asiye na duka wala mzigo, na ukiweza lipa salio siku ya kukabidhiwa.

Na kama siku ya makabidhiano imepita? Simu hazitoshi. Andika barua yenye tarehe, taja kiasi, risiti na siku mliyokubaliana, mpe muuzaji muda maalumu wa kuleta mzigo au kurudisha pesa, kisha asaini nakala yako kwamba ameipokea. Akinyamaza, peleka karatasi hizo mahakamani, Tribunal de Résidence ya eneo lako au Tribunal de Commerce ya Bujumbura, kulingana na kiasi na aina ya dai. Ujumbe wa malipo wa Lumicash usiufute kwenye simu. Uchapishe, uweke pamoja na fakitire.