Kupanga, Kupangwa na Kujipanga: Dopamini na Visiwa vya Ubongo Unaokua

Huenda msomaji akashangaa mada hii inatafuta nini katika jarida la Kiswahili. Hata hivyo, yeyote anayejaribu kuieleza kwa lugha hii hujikuta, kabla hajafika mbali, katika uwanja tunaoufahamu vyema, yaani mnyambuliko wa vitenzi. Swali lenyewe ni hili: ubongo wa mamalia unapokua, je, njia za dopamini huzipanga sehemu zake, au hufika penye mpango uliokwisha kuwapo?

Ndani ya ubongo, chini ya gamba lake, mna fungu kubwa la seli za neva liitwalo striatamu, ambalo huhusika na mienendo ya mwili na ujengaji wa mazoea. Chini ya darubini ya kawaida seli hizo hufanana mno, hivi kwamba mgawanyo wake haudhihiriki. Mnamo 1978, Ann Graybiel na Clifton Ragsdale, watafiti wa Marekani, walitumia rangi inayofichua kimeng'enya fulani katika ubongo wa binadamu, wa tumbili na wa paka. Waliona sehemu zilizopauka zimetapakaa ndani ya eneo lililokolea. Sehemu hizo zilizopauka huitwa striosomu, nazo ni takriban asilimia 15 tu ya striatamu. Eneo linalozizunguka huitwa matriksi.

Wengi wetu tungekimbilia kuziita "vyumba". Chumba kina kuta, ilhali hapa hamna ukuta wowote. "Kisiwa" ni istilahi inayofaa zaidi, na kwa bahati njema wanasayansi wenyewe walikwisha kuitumia. Mwaka wa 1972, kwa mbinu inayoifanya dopamini ing'ae kijani, ilibainika kwamba nyuzi zinazoileta kutoka ubongo wa kati hazienei striatamu yote kwa pamoja katika panya wachanga. Hujikusanya kwanza kwa mafungu, yakaitwa visiwa vya dopamini. Baada ya kuzaliwa, nyuzi huendelea kuijaza matriksi, na visiwa hivyo hufichika kama miamba maji yanapojaa. Baadaye ilionyeshwa kwamba visiwa hivyo na striosomu hukaa mahali pamoja.

Hapa ndipo penye mtego. Kwa kuwa dopamini huonekana mapema na katika mafungu, ni rahisi kuandika kwamba "dopamini huipanga striatamu". Sentensi hiyo ni sanifu, ina kiima, kitenzi na yambwa, lakini imempa kiima kazi ambayo ushahidi haujampa.

Mnamo 1987, Derek van der Kooy na Gord Fishell walionyesha kwamba katika panya, seli za striosomu huzaliwa siku kadhaa kabla ya zile za matriksi. Aidha, seli hizo za awali zikitenganishwa na kuchanganywa na nyingine maabarani, hutafutana na kuambatana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 likafuata jaribio la kukata shauri: chimbuko la njia za dopamini liliharibiwa panya wakiwa bado tumboni. Seli za makundi yale mawili zilijitenga vivyo hivyo. Kilichokosekana ni vipokezi vya afyuni, ambavyo kwa kawaida hujikusanya kwenye striosomu: mkusanyiko wake haukutokea.

Kwa hivyo kauli ya kutenda, "dopamini hupanga", inatia chumvi. Kauli ya kutendwa, "seli hupangwa", inamdai mtendaji ambaye bado hatujamtaja. Kinachostahiki ni kiambishi rejeshi: seli hujipanga, kwa umri na kwa kuambatana. (Neno lenyewe vijana wa Nairobi wamelichosha kwa kuambiana "jipange", ila hapa lina maana yake kamili.) Kwa dopamini napendekeza kitenzi "kukomaza". Huingia katika visiwa vilivyokwisha kuanza kujitenga, ikavisaidia kupata baadhi ya sifa za kikemikali zinazovitambulisha.

Nimewahi kusoma tafsiri ya mwanafunzi mwenzangu iliyotumia "kupanga" kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisarufi haikuwa na dosari hata moja, na mhakiki wa lugha asingekuwa na la kusahihisha. Kosa lake lingeonekana tu kwa mtu anayejua kilichotokea katika striatamu ya wale panya walionyimwa dopamini.