KHIARI YA BARIRA

Katika darasa letu liliulizwa suala hili: binti akimkataa mume aliyechaguliwa na babake, je, amemuasi Mola wake? Wengi waliohudhuria walijibu mbio kwamba ameasi, kwani kuwatii wazazi ni wajibu. Sisi twaona jawabu hilo halina budi kupimwa kwa habari ya Barira.

Barira alikuwa mtumwa mjini Madina, na mumewe, Mughith, mtumwa vilevile. Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, alipomnunua akamwacha huru, sharia ilimpa Barira khiari: akitaka akae na mumewe, akitaka aachane naye. Akachagua kuachana naye. Ibn Abbas asimulia, katika Sahihi ya Bukhari, kuwa Mughith alikuwa akimfuata njiani huku akilia, machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamhurumia, akamtaka Barira amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa la, ni uombezi tu. Basi akasema hana haja naye. Na jambo likaisha hapo.

Ndugu msomaji, litazame vyema suali lile la Barira. Aliuliza kwanza kwa kuwa ingekuwa amri angetii. Alipojua si amri, hakuona haya kulikataa ombi la kiumbe bora wa viumbe, wala hakuna aliyemwita muasi. Ni baba gani wa Mombasa, Lamu au Malindi ambaye neno lake lina uzito kuliko uombezi wa Mtume?

Tutaambiwa kuwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi baba ni walii mujbir, aweza kumwoza mwari bila ya kumtaka shauri. Ni kweli, yamo vitabuni. Ila wengi huisoma hukumu hii nusu. Vitabu hivyo hivyo vyashurutiza mume awe kufu yake, awe aweza mahari, na pasiwe uadui wa dhahiri baina ya binti na babake. Kisha vyasema ni sunna kumtaka idhini. Na katika Abu Daud imo habari ya mwari aliyeshitaki kuwa babake amemwoza naye hataki; Mtume akampa khiari.

Hatusemi binti afuate kila moyo upendapo. Akimtaka asiye Mwislamu, au akijiozesha mafichoni, hapo ugomvi wake si na babake, ni na dini. Lakini walii naye akimzuilia kufu kwa tamaa ya mahari makubwa, kadhi ana haki ya kumwoza.

Limebaki la kimya. Kimya cha mwari kimehesabiwa kuwa idhini kwa sababu ya haya yake, si kwa sababu ya hofu. Basi na aulizwe na mamake au shangazi yake, faraghani, kabla posa haijajibiwa. Akiulizwa usiku wa nikahi, masufuria ya biriani yako motoni na wageni wameshashuka, atajibu nini?