Mgonjwa Amwulizapo Mpita Njia

Herodotus, Mgiriki aliyeandika historia katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aeleza desturi moja ya watu wa Babeli. Asema kwamba hawakuwa na madaktari. Basi mtu akiugua alitolewa nyumbani akalazwa sokoni. Kila mpita njia aliyepata kuugua maradhi kama yale, au aliyemwona mwingine akiyaugua, alimkaribia akamweleza dawa iliyomponya. Wala haikuruhusiwa kumpita mgonjwa kimya bila kumwuliza ana nini.

Habari hii ni nzuri, ila ina kasoro. Babeli ilikuwa na madaktari. Vibao vya udongo vilivyofukuliwa huko vyataja maradhi mengi na dawa zake, na sheria za mfalme Hammurabi, zilizochongwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Herodotus, zaeleza hata ujira wao. Daktari akimpasua mtu mkubwa akapona, apewe shekeli 10 za fedha. Kwa mtu wa kawaida apewe 5. Kwa mtumwa, bwana wake alipe 2. Na yule mtu mkubwa akifa kwa kisu cha daktari, daktari akatwe mikono. Yamkini Herodotus alikosea juu ya madaktari. Juu ya soko nadhani hakukosea sana, kwa kuwa mji waweza kuwa na madaktari na bado wagonjwa wake wakaenda sokoni. Tena sheria ile yatuonyesha tofauti iliyopo hata leo: daktari alidai fedha, na aliweza kupoteza mikono, mpita njia hakudai kitu, wala hakuwa na cha kupoteza.

Sasa tuiache Babeli, turudi kwetu. Muyinga, mji wa biashara ulio karibu na mpaka wa Tanzania wa Kobero, na ambao tangu mabadiliko ya mwaka 2025 umo katika mkoa wa Buhumuza, una hospitali. Gitega, makao makuu ya siasa tangu mwaka 2019, nayo ina hospitali kubwa. Walakini mama ambaye mtoto wake ana homa aghalabu huanza kwingine: kwa jirani, kwa mwenye duka la dawa, kwa abiria mwenzake garini, na siku hizi kwa sauti ya mtu asiyemjua kabisa, iliyopitishwa kutoka simu hadi simu. Wako wasomi wasemao upesi kwamba huo ni ujinga. Mimi sikubali. Mtu huyo ana sababu zake, nasi wanafunzi yafaa tuzijue kabla ya kumcheka.

Tuanze na fedha. Mwaka 2002, nchi ikiwa bado katika vita, Burundi ilianza utaratibu wa kumtaka mgonjwa alipie gharama za matibabu yake. Asiyeweza kulipa alibaki nyumbani, au alitibiwa kisha akazuiliwa. Mwaka 2006 chama cha Human Rights Watch pamoja na APRODH, chama cha Warundi cha kutetea haki za binadamu na wafungwa, walitoa taarifa juu ya wagonjwa waliokwisha kupona lakini wakafungiwa hospitalini kwa wiki na hata miezi, wakingoja ndugu zao walete fedha. Miongoni mwao walikuwamo kina mama waliojifungua kwa kupasuliwa. Fikiri, ndugu msomaji: mtu ameingia na tumbo, ametoka na deni, tena hata kutoka kwenyewe hakuruhusiwa. Habari kama hiyo hutembea mlimani kwa mlima upesi kuliko tangazo lolote la serikali.

Ni kweli kwamba mambo yalibadilika. Tarehe 1 Mei 2006 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba matibabu ya watoto wasiofika miaka 5 na huduma za kujifungua yatakuwa bure, na hospitali zikajaa mara moja. Mwaka 2012 kadi ya msaada wa matibabu, ambayo ilikuwa imeanzishwa katika miaka ya 1980, ilifufuliwa. Jamaa nzima ililipa faranga 3,000 kwa mwaka ili kupunguziwa gharama. Lakini sheria hufutwa kwa siku moja, na khofu haifutwi hivyo. Mzee ambaye dada yake alizuiliwa mwaka 2004 hatamwuliza karani wa hospitali bei ni kiasi gani. Atamwuliza kwanza mtu asiyeweza kumdai kitu.

Sababu nyingine ni aibu, na hii nadhani ina nguvu kuliko fedha. Mfano wake uko Gitega penyewe. Mwanamke akishikwa na uchungu siku mbili tatu bila msaada, kichwa cha mtoto hubana nyama za ndani hata zikafa, pakatoboka tundu kati ya njia ya uzazi na kibofu. Tangu hapo mkojo humtoka bila kujizuia. Maradhi haya huitwa fistula. Mwaka 2010 madaktari wa chama cha Médecins Sans Frontières walifungua huko Gitega kituo cha kuyatibu, wakakiita Urumuri, yaani nuru. Matibabu yalikuwa bure. Wakaja wanawake kutoka pande nyingi za nchi, na baadhi yao walikuwa wameishi na maradhi hayo miaka mingi, wamejitenga na watu au wameachwa na waume zao. Kwa miaka yote hiyo hawakukosa mashauri: aghalabu mwenye maradhi haya huambiwa na watu kwamba amelaaniwa au amerogwa. Walilokosa ni mtu mmoja wa kuwaambia kwamba tundu lile lina jina, na kwamba hushonwa. Mtu mwenye aibu humchagua mgeni kwa kuwa mgeni hatakutana naye tena kisimani; na kwa sababu hiyo hiyo mgeni hatajua kamwe kama neno lake lilimsaidia au lilimwangamiza.

Lugha pia ina sehemu yake. Katika Kirundi umuganga ni daktari wa hospitali, na mpiga ramli ni umupfumu. Katika Kiswahili neno mganga laweza kumhusu mwenye vidonge au mwenye hirizi. Hilo si kosa kubwa. Lililo baya zaidi ni ile karatasi. Daktari amesoma kwa Kifaransa, huandika kwa Kifaransa, na kwa kuwa nje wangoja watu wengi, hana nafasi ya kueleza. Mgonjwa atoka ameshika maandishi asiyoyajua. Atamwuliza nani, kama si wa kwanza aonekanaye kuwa amesoma?

Basi, ikiwa mpita njia ni mpole, hana bei, na anajua lugha yetu, ubaya wake ni nini? Tutazame homa, kwa sababu ndiyo iulizwayo mara nyingi. Kwa miaka mingi Burundi, kama nchi jirani, ilitibu malaria kwa klorokwini. Kila mama alijua vidonge vile, na jirani aliyevitaja alikuwa akisema kweli. Lakini vijidudu vya malaria viliizoea dawa. Mwishoni mwa mwaka 2000 na mwanzo wa 2001 ikazuka malaria kali katika nyanda za juu. Viliandikwa visa vipatavyo milioni 3 katika nchi iliyokuwa na watu kama milioni 6 na nusu. Mwaka 2003 dawa ya taifa ikabadilishwa kuwa atesuneti pamoja na amodiakwini, na baadaye ikabadilishwa tena. Sasa jirani yule yule, mwenye huruma ile ile, alikuwa akitaja dawa isiyoponya. Hakuna aliyempelekea barua kumwarifu.

Kisha si kila homa ni malaria. Nimonia ina homa, taifodi ina homa, na uti wa mgongo vilevile. Hakuna awezaye kuzitenga kwa kusikia maneno tu. Kipimo cha tone la damu ya kidole hutoa jibu la malaria kwa muda wa dakika 20 hivi, na hilo mpita njia hanalo, hata akiwa mwerevu namna gani.

Kuna jambo jingine lisilofikiriwa sana. Mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, huko Loliondo nchini Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile aliwapa watu kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, akasema Mungu amemwonyesha kwamba yaponya kisukari, saratani na hata UKIMWI. Wakaja maelfu kwa maelfu. Magari yakapanga foleni kilometa nyingi. Wagonjwa wengine wakafa wakingoja. Waliorudi walisimulia kwamba wamepona, na wenye virusi vya UKIMWI wengine wakaacha dawa zao za hospitali. Masimulizi yale yalikuwa na nguvu kwa kuwa yalitoka kwa watu hai. Waliokufa hawapiti sokoni. Atuletaye habari ya dawa ni yule aliyepona, awe amepona kwa dawa hiyo au kwa bahati, na kwa hiyo hesabu ya mpita njia daima ina upande mmoja tu.

Wenzetu waliokwisha kumaliza shule, pamoja na sisi tuliomo bado, ndio tuulizwao nyumbani wakati wa likizo, kwa sababu tumesoma. Yaani wapita njia ni sisi. Basi tukiletewa karatasi ya daktari, tusome yaliyoandikwa tu: jina la dawa, mara ngapi kwa siku, siku ngapi, na neno lisilosomeka tulirudishe kwa mwandishi wake. Tukiulizwa juu ya mtoto mdogo, tuulize nasi: je, anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea hata haamki vizuri? Jibu moja baya kati ya hayo latosha: apelekwe hospitalini saa ile ile, usiku au mchana, bila kungoja shauri la mwingine. Na maganda ya vidonge alivyokwisha kupewa yafungwe katika kitambaa yaende pamoja naye, pasipo kuficha hata kimoja, kwa kuwa daktari hawezi kukisia.