UUNDAJI WA MANENO: MANENO YA JIKONI, STUDIO NA SIMU

Malengo ya somo
Baada ya kusoma somo hili uweze:
(a) kueleza kwa nini lugha huhitaji maneno mapya;
(b) kubainisha njia zilizotumika kuunda neno ulilopewa;
(c) kuthibitisha jibu lako kwa kulivunja neno katika vipande vyake.

1. Utangulizi

Lugha haiundi maneno kwa kupenda. Huyaunda kwa sababu kimetokea kitu, kazi au wazo ambalo halina jina. Mtu akinunua chombo kipya cha jikoni, lazima akiite jina fulani anapomtuma mdogo wake akilete. Kwa hiyo wanaounda maneno si wataalamu peke yao. Wapo wapishi, mafundi simu, madereva na vijana wanaorekodi muziki vyumbani mwao.

Watahiniwa wengi hukariri orodha ya njia za uundaji na mfano mmojammoja wa kila njia. Likija neno ambalo halikuwa kwenye daftari, wanakwama. Dawa yake ni kuzoea kuyachunguza maneno unayoyatumia kila siku. Tuanze na kifungu kifupi.

2. Kifungu

Jumamosi nikimaliza kufua, nina kazi mbili nizipendazo: kupika na kurekodi. Naanza kwa kukuna nazi kwa mbuzi, nachuja tui, kisha nabandika wali. Kitunguu nakikaanga polepole kwenye kikaango mpaka kiwe na rangi ya kahawia, ndipo natia viungo vya mchuzi.

Sufuria ikishafunikwa, naingia chumbani. Studio yangu ni kona yenye kabati la nguo na blanketi zilizotundikwa ukutani, kwa sababu nguo hunyonya sauti na kupunguza mwangwi. Kinasa sauti changu ni simu ya mkononi, nayo naiweka umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni. Wiki iliyopita pikipiki ilipita dirishani katikati ya kiitikio, nikalazimika kurudia wimbo mzima.

Kazi ikikamilika naihamishia kwenye kompyuta, naingiza nenosiri na kuipandisha mtandaoni. Jioni tunakula huku tukiisikiliza kwa spika. Mama hucheka na kuniuliza, “Mwanangu, wewe ni mpishi au mwanamuziki?” Humjibu kwamba kazi ni ileile: kuchanganya vitu mpaka vikae sawasawa.

3. Uchambuzi wa njia zilizotumika

(i) Uambishaji
Hapa tunapachika viambishi kwenye mzizi ili kupata neno jipya.

Kikaango: ki-kaang-o. Mzizi ni wa kitenzi kaanga. Neno lina maana ya chombo cha kukaangia.

Kiungo: ki-ung-o. Kitenzi ni unga, yaani kushikanisha. Kiungo cha mwili hushikanisha sehemu mbili, na kiungo wa timu ya mpira huunganisha ulinzi na ushambuliaji. Mzizi ni mmoja, matumizi ni mengi.

Mpishi: m-pik-i. Angalia kwa makini: sauti k imegeuka kuwa sh kwa sababu imefuatwa na irabu i. Mtahiniwa asiyelijua badiliko hili huandika kwamba mzizi ni “pish-”, akapoteza alama. Mzizi ni pik-.

Mtandao: m-tanda-o. Linatokana na kitenzi tandaa, yaani kuenea.

(ii) Uambatanishaji
Maneno mawili huunganishwa na kuwa neno moja lenye maana mpya. Nenosiri ni neno + siri, yaani nomino mbili. Kinasa sauti ni kitenzi nasa kilichopewa kiambishi ki-, kisha nomino sauti. Mtego hunasa ndege, na chombo hiki hunasa sauti. Maneno ya aina hii huandikwa kwa kuungana au kutengana kutegemea mwandishi. Wewe chagua namna moja, uifuate mpaka mwisho wa jibu lako.

(iii) Utohoaji
Neno la lugha nyingine huchukuliwa na kulainishwa lifuate matamshi ya Kiswahili. Studio, kompyuta, spika na rekodi yametoka Kiingereza. Ona kwamba yote yameishia na irabu, kama ilivyo kawaida ya maneno ya Kiswahili. Likishaingia, neno hutumika kama mwenyeji: narekodi, tulirekodi, wamerekodiana.

Usidhani kwamba utohoaji ni jambo la juzi. Sufuria limetoka Kiarabu, simu limetoka Kiajemi, chapati limetoka Kihindi na meza limetoka Kireno. Jiko la Mswahili limekuwa likipokea wageni kwa karne nyingi.

(iv) Kufananisha umbo, sauti au tabia
Mbuzi ya kukunia nazi ni kibao cha kukalia chenye chuma cha meno kwa mbele. Watu walikiona kinafanana na mnyama mbuzi, wakakiita hivyo. Kwa njia hiyohiyo gari la vita limeitwa kifaru. Pikipiki limepata jina lake kutokana na mlio wa injini.

(v) Urudufishaji
Neno zima au sehemu yake hurudiwa. Sawa + sawa hutupa sawasawa, na pole + pole hutupa polepole. Kizunguzungu limerudia sehemu ya kitenzi zunguka.

Tahadhari: si kila neno lenye sehemu mbili zinazofanana limeundwa kwa urudufishaji. Pilipili halina uhusiano na “pili” ya kuhesabia; ni neno lililokopwa. Pikipiki nalo huwekwa kwenye kufananisha sauti kwa sababu hakuna neno “piki” lenye maana ambalo limerudiwa.

(vi) Kupanua maana
Neno la zamani hupewa kazi mpya. Kupandisha ni kupeleka kitu juu, lakini kijana wa kifungu chetu anapandisha wimbo mtandaoni. Kanda nayo ilikuwa mishipi kabla ya kuwa kanda za muziki.

(vii) Akronimu
Njia hii haimo kwenye kifungu, lakini ijue. Herufi au silabi za mwanzo za maneno huunganishwa: TEHAMA ni Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, na BASATA ni Baraza la Sanaa la Taifa.

4. Neno huishi vipi?

Kuundwa ni hatua ya kwanza tu. Neno lisipotumiwa hufia kwenye kamusi. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, lina kazi ya kukuza na kusanifu lugha, lakini haliwezi kumlazimisha mpishi wala fundi kutamka neno asilolitaka. Ndiyo maana kitu kimoja huweza kuwa na majina mawili yanayoshindana: kompyuta na tarakilishi, televisheni na runinga. Mshindi huamuliwa na midomo ya watumiaji. Ukiulizwa swali la maoni kuhusu ukuaji wa Kiswahili, hoja hii ina uzito mkubwa, mradi uitolee mifano.

5. Swali la mfano

Neno “mpishi” limeundwa kwa njia gani? Thibitisha. (Alama 3)

Jibu dhaifu: Limeundwa kwa njia ya uambishaji kwa sababu limeambishwa.

Jibu hili limetaja njia, halikuthibitisha kitu. Msahihishaji hana pa kuweka alama zilizobaki.

Jibu kamili: Neno “mpishi” limeundwa kwa njia ya uambishaji. Mzizi wake ni pik- wa kitenzi pika. Kiambishi m- kimepachikwa kabla ya mzizi na kiambishi -i baada yake. Sauti k imebadilika kuwa sh kutokana na irabu i inayofuata.

Kumbuka: taja njia, vunja neno, eleza kila kipande. Hatua hizo tatu zitakusaidia hata kwa neno ambalo hujawahi kukutana nalo.

6. Zoezi

1. Bainisha njia iliyotumika kuunda kila neno: kivinjari, gitaa, kipaza sauti, chujio, harakaharaka.
2. “Kila neno lenye silabi zinazojirudia limeundwa kwa urudufishaji.” Kanusha kauli hii kwa mifano miwili.
3. Orodhesha majina kumi ya vyombo vilivyomo jikoni kwenu. Tenganisha yaliyotoholewa na yaliyoundwa kutokana na vitenzi vya Kiswahili.
4. Muulize fundi simu, fundi redio au mtu anayerekodi muziki akutajie maneno matano ya kazi yake. Eleza kila moja limeundwaje, na useme kama unadhani litadumu. Toa sababu.