Kipimo cha Vimeng'enya vya Ini
Seli za ini zikijeruhiwa, vimeng'enya viitwavyo ALT na AST huvujia kwenye damu, na maabara hugundua hata ongezeko dogo. Lakini vimeng'enya hivyo, hasa AST, vimo pia katika misuli. Mpagazi aliyeshuka Mlima Kilimanjaro jana, akipimwa leo mjini Moshi, aweza kudhaniwa ana ugonjwa wa ini kumbe ni misuli iliyoumia kwa mizigo.

Kwa hiyo:
1. Mweleze daktari kazi nzito uliyofanya, pombe uliyokunywa, ikiwemo mbege, na dawa zote ulizotumia, hata za asili.
2. Omba majibu ya maandishi yenye viwango vya kawaida vya maabara hiyo.
3. Usinunue dawa kwa kutegemea kipimo kimoja. Uliza iwapo kirudiwe.

Macho yakigeuka manjano, usisubiri: nenda hospitali.