Msamiati: Visawe vya "Vunja" na Tafsiri ya Neno "Break"

Malengo ya somo
Kufikia mwisho wa somo hili, mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kwa nini neno moja la Kiingereza huhitaji vitenzi kadhaa vya Kiswahili;
(b) kutofautisha vitenzi vya Kiswahili vinavyokaribiana kimaana na "vunja";
(c) kutumia nahau za "vunja" ipasavyo katika insha na katika majibu ya fasihi.

Utangulizi
Visawe ni maneno yenye maana sawa au zinazokaribiana. Neno la kushikilia hapo ni "zinazokaribiana". Ni nadra maneno mawili kulingana kiasi cha kubadilishana nafasi katika kila sentensi. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiingereza kisha akaandika kwa Kiswahili hulisahau jambo hili. Kila akutanapo na wazo la "break", huandika "vunja". Kwake kamba huvunjika, simu huvunjika, mkate huvunjwa na siku huvunjika.

Sehemu ya Matumizi ya Lugha katika Karatasi ya Pili ina alama 40 kati ya 80, na msamiati hupimwa humo. Hata hivyo, alama si sababu ya pekee ya kulisoma somo hili. Tazama sentensi hizi tatu:

(i) Mkono wake umevunjika.
(ii) Mkono wake umeteguka.
(iii) Mkono wake umekatika.

Katika (i), mfupa umepata ufa au umegawanyika. Katika (ii), mfupa umetoka kwenye kiungo chake. Katika (iii), mkono au sehemu yake imetengana na mwili. Anayepiga simu kuomba msaada baada ya ajali akichanganya (i) na (iii), atakaopata habari hiyo watajiandaa kwa jambo tofauti kabisa.

Kitu chenyewe huamua kitenzi
Kiingereza hutazama tokeo: kitu kilikuwa kizima, sasa si kizima. Kiswahili hutazama pia kitu chenyewe ni cha aina gani na kimeharibiwa vipi.

1. Vunja: hutumika kwa kitu kigumu. Mfano: Paka alivunja chungu.
2. Kata: hutumika kwa kitu kirefu kinachopindika, kama uzi, kamba au mnyororo. Ndiyo maana methali husema kwamba kamba hukatikia pabovu, wala haisemi huvunjikia.
3. Pasua: hutumika kwa kitu kinachoachana kwa ufa au kwa kishindo. Mfano: Tairi lilipasuka tulipofika mteremkoni.
4. Mega: ni kutoa kipande cha kitu laini kwa mkono, hasa chakula. Mfano: Alimega ugali akauchovya kwenye mchuzi.
5. Banja: ni kuvunja ganda gumu ili kupata kilichomo. Mfano: Walikaa kivulini wakibanja korosho.
6. Haribika: hutumika kwa chombo kilichoacha kufanya kazi. Mfano: Redio imeharibika. Ukisema "redio imevunjika", msikilizaji ataona vipande sakafuni.

Mambo yasiyoshikika
(a) Sheria: mtu huvunja au hukiuka sheria. Hapa visawe hivi viwili hubadilishana nafasi bila tatizo. Kwa haki na maadili, hata hivyo, "kiuka" ndicho kitenzi kilichozoeleka: kukiuka haki za binadamu.

(b) Rekodi: huvunjwa. Mfano: Mwaka wa 2023, Kelvin Kiptum alivunja rekodi ya dunia ya mbio za marathoni mjini Chicago kwa kukimbia kwa saa 2 na sekunde 35.

(c) Mazungumzo au safari: hukatizwa. Mfano: Mvua ilikatiza mkutano. "Kuvunja mkutano" ni kuufunga au kuutawanya, si kuusimamisha kwa muda.

(d) Saumu: aliyefunga hufuturu au hufungua saumu jua linapotua. "Kuvunja saumu" ni kuibatilisha, kwa mfano kwa kula mchana makusudi. Mhusika wako akivunja saumu magharibi badala ya kufuturu, umemsingizia kosa ambalo hakulitenda.

(e) Siku: hupambazuka au hucha. Nomino yake ni "mapambazuko". Mtahini akikuuliza kuhusu anwani ya diwani Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine, anza na maana ya maneno yenyewe: mapambazuko ni mwanzo wa mchana, machweo ni mwisho wake. Ukinzani huo ndio unaokupa hoja ya kwanza.

(f) Muda wa kupumzika: ni mapumziko. Shule ikifungwa, ni likizo.

Nahau za "vunja"
• Vunja moyo: katisha tamaa.
• Vunja mbavu: chekesha sana.
• Vunjia mtu heshima: mtendea au mwambia jambo la kumdhalilisha.
• Vunja ungo: (kwa msichana) kubalehe.
• Vunja jungu: kula na kusherehekea kabla ya mwezi wa Ramadhani kuanza.

Tanbihi: "Alimvunja moyo" na "alivunjika moyo" hazibebi habari sawa. Ya kwanza inamtaja mtendaji. Ya pili inaonyesha hali tu. Ni tofauti ileile iliyopo kati ya "Nimevunja kikombe" na "Kikombe kimevunjika". Anayesema sentensi ya pili hajasema uongo, lakini hajasema nani aliyekivunja. Unapochambua tamthilia au riwaya, chunguza ni wahusika gani wanaoikimbilia kauli ya kutendeka wanapoulizwa kuhusu makosa yao. Mara nyingi hapo ndipo penye ushahidi wa sifa ya mhusika.

Zoezi
1. Jaza pengo kwa kitenzi kifaacho. (alama 4)
(a) Uzi wa tiara ________, tiara ikapeperushwa na upepo.
(b) Nyanya ________ kipande cha mkate akampa mjukuu.
(c) Jua lilipotua, waumini ________ kwa tende na maji.
(d) Jenereta ________, kijiji kizima kikakosa umeme.

2. Tofautisha maana ya sentensi hizi. (alama 2)
(i) Mwenyekiti alikatiza mkutano.
(ii) Mwenyekiti aliuvunja mkutano.

3. Andika upya bila kumtaja mtendaji: Juma amevunja dirisha la darasa. (alama 2)

Majibu
1. (a) ulikatika (b) alimega (c) walifuturu / walifungua saumu (d) iliharibika
2. (i) Aliusimamisha kabla haujaisha, huenda ukaendelea. (ii) Aliufunga au aliutawanya, umekwisha.
3. Dirisha la darasa limevunjika / limevunjwa. "Limevunjwa" hudokeza kwamba yupo aliyelivunja ingawa hakutajwa. "Limevunjika" haidokezi hivyo.

Kumbuka: unapokutana na neno la Kiingereza lenye matumizi mengi, usitafute kisawe kimoja cha kulibebesha mzigo wote. Jiulize kwanza: ni kitu gani kilichotendwa, na kimetendwa vipi? Ukilijibu swali hilo, kitenzi sahihi hakitakuwa mbali.