MIKONO TUSIYOIONA HOSPITALINI

Somo la kusoma: 1 Wakorintho 12:14–26



Mgonjwa wetu akipona twamshukuru Mungu, kisha twamshukuru daktari na muuguzi. Ni haki yao. Lakini kabla daktari hajamgusa mgonjwa, wengine wamekwisha kufanya kazi: aliyepiga deki wodini, dobi aliyefua mashuka yenye damu, mpishi aliyeamka alfajiri kupika uji, fundi wa jenereta, na yule anayechemsha vyombo vya upasuaji. Mtume Paulo atufundisha kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa vinyonge ndivyo vinavyohitajiwa zaidi. Tutazame jambo hili kwa sehemu tatu.

1. Kazi yao ni sehemu ya tiba

Mwaka 1976 ugonjwa wa Ebola ulizuka katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa wakati ule Zaire. Wachunguzi waligundua kwamba kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba matano tu ya sindano kwa wagonjwa wote wa siku ile. Baada ya kumchoma mmoja, sindano ilisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu, kisha akachomwa mwingine. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao walikufa. Wafanyakazi wa hospitali walikuwa 17. Wakafa 11, na hospitali ikafungwa.

Dawa zilikuwapo, na moyo wa kuhudumia ulikuwapo. Kilichokosekana ni vyombo vya kutosha na kazi ya kuvichemsha ipasavyo. Basi tusiiite kazi hiyo ndogo.

2. Wao nao wamo hatarini

Sindano ikitupwa ovyo, humchoma mfagiaji au mchoma taka, naye aweza kupata homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Ndiyo maana sindano zilizotumika hutiwa katika sanduku gumu, nalo hufungwa likijaa robo tatu, lisifurike. Chanjo ya homa ya ini ya aina ya B ipo, nayo hutolewa kwa dozi tatu. Azoaye taka anaistahili sawasawa na daktari, pamoja na glavu nzito na buti.

3. Yatupasa nini?

Kwanza, tuwasalimu na kujua majina yao. Tukienda kumtazama mgonjwa, tusimwachie mfagiaji maganda na mabaki ya chakula chini ya kitanda.

Pili, zawadi za Krismasi tupelekazo wodini zifike pia kwa dobi, jikoni na chumba cha maiti.

Tatu, wenzetu walio katika kamati na bodi za hospitali waulize bila haya: Je, watu hawa wana glavu? Wamechanjwa? Hulipwa mishahara kwa wakati wake? Shukrani ya mdomo peke yake haimkingi mtu na sindano.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi

1. Katika hospitali iliyo karibu nasi, nani hufua mashuka? Twamjua?
2. Kazi yake ikisimama kwa siku tatu, wagonjwa watapatwa na nini?
3. Mtaa wetu waweza kufanya nini kwa ajili yake mwaka huu?

Katika sala za Jumapili, tuwaombeapo madaktari na wauguzi, tuwataje na hawa.